Jinsi ya Kupiga na Kusoma Eksirei ya Magego Unapopima Upotevu wa Mfupa

Kila kundi jipya la wanafunzi wa tiba ya meno linalofika kliniki huja na maswali yaleyale matatu: nipige picha ya aina gani, kwa nini magego yamepandana kwenye picha yangu, na kwa nini probu, yaani kifaa chembamba cha kupimia kina cha mfuko wa fizi, inazama milimita 7 ilhali eksirei inaonyesha mfupa ulio mzima. Nimeyajibu maswali hayo mara nyingi kando ya kiti, mgonjwa akiwa ameachama na kusubiri, na nimeona ni haki kwake na kwako niyaandike mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza, uwe mwanafunzi, tabibu wa meno katika kituo cha afya au daktari aliye katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Unahusu magego peke yake, kwa sababu ndiyo yanayong'oka zaidi kutokana na ugonjwa wa fizi, na kwa sababu mizizi yake miwili au mitatu huifanya picha yake iwe ngumu kusomeka kuliko ya jino la mbele.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mashine ya eksirei ya meno iliyosajiliwa na kukaguliwa na mamlaka ya mionzi ya nchi yako. Kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.
- Filamu au sensa ya ukubwa namba 2, ambayo kwa filamu ni milimita 31 kwa 41. Weka akiba ya ukubwa mdogo kwa mgonjwa mwenye mdomo mwembamba.
- Vishikio vyenye pete ya kulengea: kimoja cha picha ya kung'ata, ambayo wengi wetu huiita baitiwingi, na kimoja cha picha ya periapiko, yaani ile inayoonyesha jino zima mpaka ncha ya mzizi.
- Kolimeta ya mstatili, yaani kifaa cha kubana ukubwa wa mwale, ikiwezekana. Hupunguza mionzi anayopokea mgonjwa kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na ile ya duara, na picha huwa safi zaidi.
- Probu ya fizi yenye alama za milimita, pamoja na probu ya Nabers iliyopinda, ya kupimia panda ya mizizi, yaani pale mizizi inapogawanyika.
- Rula ya milimita na sanduku la mwanga kwa filamu, au programu ya kupimia kwa sensa.
- Kama kituo chako bado kinatumia filamu: developa, fiksa, kipimajoto na saa. Kipimajoto si cha hiari.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Kwa mtu mwenye fizi nzima, ukingo wa mfupa huwa milimita 1 hadi 2 chini ya mpaka wa enameli, yaani pale enameli inapokoma na mzizi kuanza, nao hulala sambamba na mstari wa kufikirika unaounganisha mipaka ya enameli ya meno mawili jirani. Ukishaushika mstari huo kichwani, nusu ya usomaji umeshaimaliza.

Jambo la pili ni kwamba eksirei huchelewa. Kwa makadirio yanayofundishwa vyuoni, asilimia 30 hadi 50 ya madini ya mfupa katika eneo husika lazima yawe yametoweka kabla jicho halijaona tofauti kwenye picha, na zaidi ya hapo, jino lenyewe hufunika mfupa wa upande wa shavu na wa upande wa ulimi. Kwa hiyo picha karibu kila mara husema uharibifu ni mdogo kuliko ulivyo, na haikuambii kama ugonjwa unaendelea leo au ulitulia miaka mitano iliyopita. Probu na kutoka damu ndivyo vinavyokuambia hayo.

Hatua kwa hatua

1. Pima kwa probu kwanza. Pima sehemu sita kuzunguka kila gego, andika kina cha kila mfuko wa fizi, na weka alama palipotoka damu. Usipige picha ili "uone kama kuna tatizo". Piga picha kwa sababu umeshagundua jambo linalohitaji kuonekana. Huo ndio msingi wa kinga ya mionzi: kila mnururisho, yaani kila kumpiga mgonjwa mionzi, uwe na sababu unayoweza kuiandika kwenye faili la mgonjwa.

2. Chagua aina ya picha. Mifuko ikiwa ya milimita 4 au 5 na huna shaka na ncha ya mzizi, baitiwingi ya kulala inatosha. Mifuko ikizidi milimita 5, isimamishe filamu wima, kwa sababu baitiwingi ya kulala huenda isiufikie ukingo wa mfupa ulioshuka. Kumbuka kwamba filamu iliyosimama ni nyembamba, hivyo unaweza kuhitaji mbili kwa kila upande. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya mzizi iliyobaki ndani ya mfupa, au ukihisi kiini cha jino kimekufa, piga periapiko.

Watu huniuliza sana kuhusu picha ya panorama, ambayo wengi huijua kama OPG. Ni nzuri kwa kuona taya zima kwa mara moja, lakini hukuza kila kitu kwa takriban asilimia 20 hadi 30, na ukuzaji huo haulingani kutoka sehemu moja ya taya hadi nyingine. Usiitumie kupima milimita. Kama mgonjwa amekuja na panorama yake kutoka kwingine, itumie kuchagua magego yanayohitaji picha ndogo, badala ya kumpiga seti nzima ya mdomo.

Sitiskani ya taya, yaani ile ya mwale wa koni iliyoanza kutumika katika udaktari wa meno mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha mfupa pande zote, ukiwemo ule wa shavu na wa kaakaa ambao picha za kawaida huuficha. Hata hivyo mionzi yake ni mingi zaidi, gharama yake ni kubwa kwa wagonjwa wetu wengi, na taji au mjazo wa madini hutupa michirizi inayoharibu picha mahali penyewe unapotaka kupaona. Nafasi yake ni pale unapopanga upasuaji wa panda ya mizizi ya gego la juu na jibu lake litabadilisha uamuzi wako. Kama upasuaji haupo kwenye mpango, usimtume mgonjwa.

3. Mwandae mgonjwa. Mweleze utakachofanya na kwa nini. Atoe meno ya bandia, miwani, na hereni kama ni panorama. Muulize mwanamke kama ni mjamzito. Picha ya meno yenye sababu ya msingi haizuiwi na ujauzito, lakini isiyo ya haraka inaweza kusubiri. Kuhusu aproni ya risasi, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri mwaka 2024 kuwa isitumike tena kama utaratibu wa kawaida, kwa kuwa kupunguza ukubwa wa mwale humlinda mgonjwa vizuri zaidi na aproni inaweza kuziba picha. Wewe fuata kanuni za nchi yako. Pale zinapoidai, mvalishe mgonjwa.

4. Weka filamu au sensa mahali pake. Chagua muda wa mnururisho kwenye mashine kabla hujaingiza kitu mdomoni, ili mgonjwa asikae na kishikio huku wewe ukibonyeza vitufe.

Kwa baitiwingi ya magego, ukingo wa mbele wa filamu uwe katikati ya jino la tano la chini, lile lililo mbele ya gego la kwanza. Kwa periapiko ya magego ya chini, telezesha filamu kati ya ulimi na taya, kisha mwambie mgonjwa afunge mdomo polepole. Sakafu ya mdomo hulegea na filamu hushuka bila kumuumiza. Kwa magego ya juu, peleka sensa katikati ya kaakaa, mbali na meno, mahali kaakaa lilipo juu zaidi.

*Tahadhari:* kosa ninaloliona kila wiki ni kuibana sensa ya juu dhidi ya jino kwa hofu ya kumtapisha mgonjwa. Sensa huinama, mwale huja kwa mshazari mkali kutoka juu, na mfupa wa upande wa shavu hutupwa chini kuelekea taji. Picha inayotoka inaonyesha mfupa mwingi ambao haupo. Hapo hujapata picha mbaya tu. Umepata picha inayodanganya, na mgonjwa atarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama.

5. Lenga mwale. Pembe mbili zinakuhusu. Ile ya wima, ya juu na chini, huamua urefu wa mizizi na kimo cha mfupa. Ile ya mlalo, ya mbele na nyuma, huamua kama nafasi kati ya meno zitafunguka. Mwale upite katikati ya mahali meno yanapogusana, na usiamini kwamba pembe iliyofungua nafasi za meno ya mbele ya magego itafungua pia za magego yenyewe: angalia mgusano wa meno hayo mdomoni kwa macho yako. Ukitumia kishikio, pete ikutane sawasawa na mdomo wa mashine. Ukitumia karatasi ya kung'ata bila pete, inua kichwa cha mashine ili mwale ushuke kwa nyuzi 5 hadi 10.

6. Piga. Simama angalau mita 2 kutoka kwenye mashine, nje ya njia ya mwale, au nyuma ya ukuta wa kinga. Usimshikie mgonjwa filamu kwa kidole chako, hata mara moja, hata kwa mtoto. Kama mtoto anahitaji kushikiwa, mzazi aliyevaa aproni ndiye atakayeshika.

7. Safisha filamu kwa joto sahihi. Wenye sensa waruke hatua hii. Developa hufanya kazi haraka kadiri inavyopata joto: kwa kawaida nyuzi joto 20 hudai dakika 5, nyuzi 22 dakika 4, na karibu nyuzi 24 na nusu dakika 3. Jedwali lililo kwenye chupa ya dawa yako ndilo la mwisho. Dar es Salaam au Mombasa, saa nane mchana mwezi wa pili, maji ya tangi huwa yameshapita huko kote, na filamu hutoka nyeusi kiasi kwamba ukingo mwembamba wa mfupa hauonekani. Weka barafu kwenye maji ya nje ya tangi, si ndani ya developa, na upime joto kabla ya kuzamisha. Kisha fiksa dakika 10 na kuosha kwa maji yanayotiririka dakika 20.

8. Ihukumu picha kabla ya kuisoma. Jiulize maswali manne. Je, nafasi kati ya magego zimefunguka? Je, vilele vya vijongo vya kutafunia, vile vya upande wa shavu na vya upande wa ulimi, vimekaribia kulingana kwa kimo? Je, ukingo wa mfupa umo ndani ya picha, juu na chini? Je, weusi na weupe vinaruhusu kuuona mfupa mwembamba? Jibu la pili likiwa hapana, pembe ya wima ilikuwa mbaya na kimo cha mfupa unachokiona si cha kuaminika.

9. Soma kwa mpangilio uleule kila mara. Anza na mpaka wa enameli wa kila jino, upande wa mbele na wa nyuma. Shuka mpaka kwenye ukingo wa mfupa na upime umbali. Kisha tazama umbo. Ukingo ukiwa umeshuka lakini bado uko sambamba na mstari wa mipaka ya enameli, huo ni upotevu wa mlalo. Ukiwa umechimbika kandokando ya mzizi mmoja, huo ni wa wima.

*Tahadhari:* gego lililoinama hudanganya wengi. Gego la kwanza la chini likishang'olewa, la pili hulalia pengo, na ukingo wa mfupa mbele yake huonekana kama mteremko. Chora mstari wa mipaka ya enameli. Kama mfupa unaufuata mstari huo kwa umbali wa kawaida, hakuna shimo lolote pale, jino tu ndilo lililoinama.

Endelea na visababishi: ugaga uliojitokeza kama miiba pembeni mwa mzizi, mjazo uliozidi ukingo wa jino, taji lisilokaa vizuri, gego la mwisho lililokwama na kula mfupa wa nyuma ya gego la pili. Malizia kwenye ncha za mizizi. Kivuli cheusi hapo kinadai upime uhai wa kiini kabla hujalaumu fizi.

10. Kokotoa asilimia. Uainishaji uliokubaliwa katika mkutano wa Chicago wa mwaka 2017 na kuchapishwa mwaka 2018 hutumia asilimia ya mzizi, si milimita tupu. Chukua umbali kutoka mpaka wa enameli hadi kwenye mfupa, toa milimita 2 za kawaida. Gawanya kwa urefu wa mzizi, nao ukiwa umetolewa milimita 2. Zidisha kwa 100. Tuseme jino namba 36, yaani gego la kwanza la chini kushoto, lina umbali wa milimita 5 na mzizi wa milimita 14: 3 gawanya kwa 12 ni asilimia 25. Chini ya asilimia 15 ni hatua ya kwanza ya ugonjwa, 15 hadi 33 ni ya pili, na upotevu uliofika theluthi ya kati ya mzizi au zaidi ni wa hatua ya tatu au ya nne. Tumia sehemu iliyoharibika zaidi mdomoni.

Sasa gawanya asilimia hiyo kwa umri ili upate daraja, yaani kasi ya ugonjwa. Mwenye miaka 32 anapata takriban 0.78, kasi ya wastani, kwa kuwa daraja B ni kati ya 0.25 na 1. Mwenye miaka 20 na mfupa uleule anapata 1.25, daraja C, kasi kubwa. Uvutaji wa sigara 10 au zaidi kwa siku, au kisukari chenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu) ya asilimia 7 au zaidi, hupandisha daraja hadi C.

Hesabu ya umri naiomba uichukue kwa uzito. Kijana aliyepoteza mfupa kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele pekee, huku fizi zikionekana safi na ugaga ukiwa kidogo, ana ugonjwa unaokimbia, na vijana wenye asili ya Afrika ndio wanaokutwa nao zaidi. Utafiti uliofanyika Moroko na kuchapishwa mwaka 2008 uliuhusisha waziwazi na aina moja ya bakteria, JP2. Ukiona sura hiyo, mpe rufaa wiki hiyohiyo, na uwaite ndugu zake wapimwe.

11. Angalia panda ya mizizi. Kwenye gego la kwanza la chini, panda huanza takriban milimita 3 chini ya mpaka wa enameli upande wa shavu na milimita 4 upande wa ulimi, kwa hiyo mfupa haulazimiki kushuka sana ndipo panda iwe wazi. Kwenye picha tafuta kivuli cheusi kati ya mizizi. Magego ya juu ni magumu zaidi, kwa kuwa mzizi wa kaakaa huifunika panda. Tafuta kivuli kidogo cha pembetatu pembeni mwa jino, kama ncha ya mshale inayoelekea katikati. Kikiwepo, ichunguze panda hiyo, lakini kutokuwepo kwake hakuthibitishi chochote.

Jibu hutoka kwenye probu ya Nabers. Ikiingia kwa mlalo chini ya milimita 3 ni daraja la kwanza. Ikizidi hapo bila kutokea upande wa pili ni la pili. Ikipenya ni la tatu. Panda ya mbele ya gego la juu ifikie kutoka upande wa kaakaa, ambako mlango wake umeelekea.

12. Andika. Taja aina ya picha na tarehe, jino, upande, umbali kwa milimita, asilimia, umbo la upotevu, hali ya panda na visababishi ulivyoviona. "Mfupa umepungua" si ripoti.

Picha ikikugomea

*Magego yamepandana.* Pembe ya mlalo si sahihi. Sogeza kichwa cha mashine kidogo mbele au nyuma. Usirudie kama sehemu iliyopandana haina mfuko. Huna sababu ya kumnururisha tena.

*Mizizi imerefuka au imefupika.* Ikirefuka, pembe ya wima ilikuwa ndogo mno. Ikifupika, ilikuwa kubwa mno.

*Kona ya picha ni nyeupe kabisa.* Mwale haukuifikia. Pete na kolimeta havikukutana.

*Filamu imepauka na ina alama kama mifupa ya samaki.* Umeiweka kinyume. Kitone kilichovimba kielekee kwenye mashine.

*Kuna kivuli cheusi kwenye shingo ya jino.* Mara nyingi ni mwale uliopita mahali jino lilipo jembamba, kati ya enameli na mfupa. Hakina ukingo ulio wazi, na ncha ya probu haikuti shimo. Usikiite kuoza.

*Mfupa wa shavu, ule wa usoni chini ya jicho, umefunika mizizi ya juu.* Punguza pembe ya wima na usogeze sensa mbali zaidi na meno.

*Mgonjwa anataka kutapika.* Anza na picha za mbele, acha za magego ya juu mwisho. Mwambie apumue kwa pua na ainue mguu mmoja kutoka kwenye kiti. Chembe ya chumvi kwenye ncha ya ulimi husaidia wengi. Ongea naye kwa upole wakati wote, maana hofu ndiyo huzidisha hali hiyo.

*Probu inazama, picha ni safi.* Iamini probu, ila kwanza hakikisha fizi haijavimba kuelekea juu na kuunda mfuko wa uongo: pima kutoka mpaka wa enameli, si kutoka ukingo wa fizi. Kama kweli mshikamano wa fizi na jino umepotea, yaelekea shimo liko upande wa shavu au wa ulimi, nyuma ya jino, mahali filamu isipofika. Niliwahi kumhakikishia mama mmoja kwamba gego lake lilikuwa zima kwa sababu periapiko yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga mwezi ule. Baada ya miezi kadhaa alirudi jino likitikisika, na mfupa wote wa upande wa shavu ulikuwa umekwenda. Sikuwa nimezungusha probu pande zote sita.

*Umetibu, unataka kuona kama mfupa umerudi.* Rudia kupima kwa probu baada ya miezi 3, lakini usipige picha mapema hivyo, kwa kuwa mfupa huchukua miezi 6 hadi 12 kujaa madini ya kutosha kuonekana. Utakapopiga, tumia kishikio kilekile, mashine ileile na muda uleule wa mnururisho, na uweke picha mbili ubavu kwa ubavu. Pembe ikitofautiana, tofauti utakayoiona kwenye mfupa itakuwa ya pembe.